Nukta Nne na Mikwaju Miwili

Sikio halikuwa na mishale.

Inspekta Dufie Twumasi aliziweka karatasi mbili juu ya meza ya mahojiano, ubavu kwa ubavu, akazitazama kama mtu anayelinganisha vitambaa vya msiba katika soko la Kejetia. Ya kushoto ilikuwa karatasi halisi ya mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi, iliyotolewa kwenye bahasha yenye lakiri. Ya kulia ilikuwa ile iliyozunguka katika simu za watahiniwa, Kumasi nzima, kabla ya mtihani kufanyika. Maswali yalikuwa yaleyale, kwa mpangilio uleule. Lakini kwenye mchoro wa sikio, karatasi halisi ilikuwa na mishale yenye herufi, kila mshale ukielekea sehemu yake. Ile ya kwenye simu ilikuwa na sikio tupu.

"Mama Araba," alisema, "hii mishale iliwekwa lini?"

Araba Quansah, mpanga kurasa wa Matbaa ya Nyota, aliinama kutazama. Alikuwa Mfante wa Cape Coast, mwanamke wa makamo aliyekuja Kumasi kwa ndoa na kubaki kwa kazi. Alikuwa amelala rumande, lakini kilemba chake kilikuwa kimefungwa sawasawa, hakuna pembe iliyolegea.

"Ijumaa asubuhi," alijibu. "Walimu wa chuo walikuja kusahihisha, wakasema sikio bila mishale halina swali. Nikaiweka mbele yao, tukachapa mbele yao, wakafunga bahasha kwa mikono yao wenyewe, wakaondoka nazo."

"Na kabla ya hapo ulichapa hata nakala moja ya kusoma?"

"Kazi ya siri haichapwi nakala ya kusoma, Afande. Walisomea kwenye kioo cha kompyuta, na simu zao niliziweka kwenye kapu nje ya mlango. Mmoja alinuna kama mtoto aliyenyang'anywa muwa."

"Kwa hiyo sikio tupu halijapata kuwa kwenye karatasi."

"Halijapata."

Dufie aliinua ile karatasi ya kwenye simu, akaielekeza dirishani. Hapakuwa na mkunjo wala kivuli cha mkono wa mpiga picha, na mistari haikupinda kama inavyopinda mtu anapopiga picha kioo. Kurasa zilikuwa safi kama zilivyotoka kwa mpanga kurasa. Aliyevujisha hakupiga picha. Alilichukua faili lenyewe, na alilichukua kabla ya Ijumaa asubuhi.

"Unajua jambo hilo linakuweka pabaya zaidi?" aliuliza.

"Najua. Kompyuta ni yangu, ufunguo wa chumba ni wangu, neno la siri ni langu. Hata jina la folda nililitoa mimi."

"Jina gani?"

"Yaa."

Dufie alisubiri.

"Kazi za siri haziitwi kwa jina la mwenyewe," Araba alieleza. "Kazi ikiingia naipa jina la siku iliyozaliwa, kama tunavyowapa watoto. Hii iliingia Alhamisi, nikaiita Yaa. Ukifungua kompyuta yangu utaona Kofi, Abena, Yaa. Hutajua kama ni mtihani, au kura za chama cha wakulima wa kakao, au mashairi ya mchungaji."

"Nani mwingine anayajua majina hayo?"

"Mimi na Mungu."

"Hilo ni jibu baya, Mama Araba."

"Ulitaka nikudanganye ili liwe zuri?"

"Binti yako Esi naye alikuwa mtahiniwa."

"Alikuwa, na alitoka mle ndani analia, eti sikio limemshinda. Ningekuwa mwizi wa mitihani, Afande, si mwanangu angetoka anacheka?"

Dufie hakucheka, ingawa askari aliyesimama mlangoni aligeuza uso ukutani. Saa nane mchana Araba angepelekwa mbele ya hakimu. Faili lilikuwa limeshaandaliwa, mwendesha mashtaka ameshatia sahihi, na msajili wa chuo amekwisha kuandika barua mbili za kudai haki itendeke upesi. Baada ya shitaka kusomwa na magazeti kulichukua jina, hata angekuja kuachiwa huru mwaka ujao, hakuna matbaa nchini Ghana ambayo ingemkabidhi tena karatasi yenye siri. Kazi nyingine hakuwa nayo, wala hakuitaka.

"Kunywa uji wako," Dufie alisema, akichukua karatasi zake. "Nakwenda kuona anakolala huyo Yaa."

*

Matbaa ya Nyota ilikuwa mtaa wa Asafo, ghorofa ya chini, na ukuta wake wa mbele ulibandikwa nyuso za marehemu toka juu hadi chini. Vikongwe waliovaa kente, vijana waliopiga suti, wote wakitabasamu, kila mmoja na tarehe ya maziko yake. Mitihani na kura zilikuwa kazi za msimu. Kazi iliyolipa mishahara ni mazishi.

Mwenye matbaa, Mzee Amoateng, alimpokea Dufie mlangoni, mikono ameifungia mgongoni.

"Inspekta, nimeshawaambia wenzako. Chumba kina kufuli mbili, dirisha lina nondo. Kompyuta ya siri haitumii mtandao. Haijapata kutumia mtandao tangu nimeinunua."

"Naomba niione."

Kilikuwa chumba kidogo, safi, chenye meza moja na harufu ya wino. Dufie hakuigusa kompyuta. Alipiga magoti akachungulia nyuma ya meza. Palikuwa na waya wa umeme na waya wa mashine ya kuchapia. Palikuwa na waya wa tatu vilevile, wa buluu, ulioingia kwenye tundu la ukuta. Alitoka nje, akaufuata waya ule kwenye korido, ukapita juu ya mlango wa choo, ukaishia kwenye kisanduku chenye taa za kijani zilizokuwa zikikonyezana.

"Mzee Amoateng, hiki ni nini?"

"Hicho? Hicho ni cha vijitabu vya mazishi."

"Kimeungwa na kompyuta ya Mama Araba."

"Ndiyo, kwa sababu vijitabu anavipanga yeye."

"Kwa hiyo kompyuta iko kwenye mtandao."

"Hapana!" Mzee alishangaa kuona mtu mzima haelewi. "Vijitabu viko kwenye mtandao. Kompyuta haiko."

Dufie aliivuta stuli akaketi. Alikuwa amegundua zamani kwamba mtu akisema upuuzi kwa uhakika mkubwa, nyuma ya upuuzi huo kuna kisa, na kisa hicho kinafaa kusikilizwa.

"Nisimulie ilivyoanza."

"Wewe ni mtu wa hapa, unajua mwenyewe. Maziko ni Jumamosi, na ukoo unagombania kijitabu mpaka Alhamisi jioni. Nani aanze kutajwa, mke yupi awe wa kwanza, yule shangazi wa Toronto kwa nini hayumo. Zamani Araba alikuwa akibeba kila sahihisho kwenye kijiti cha kuhifadhia mafaili, anakwenda kwenye kompyuta ya mtandao, anarudi, anakwenda tena. Siku moja vikachanganyika. Marehemu wa Bantama, mzee wa kanisa, akatoka na picha ya marehemu wa Suame, fundi magari, amevua shati."

"Nilisikia habari hiyo."

"Kila mtu alisikia! Nilijificha kwa shemeji yangu mpaka hasira zikapoa. Ndipo nikamwambia Barimah, hebu tufanyie mtambo. Ukoo wafungue kijitabu kutoka hukohuko London au Toronto, wakione palepale Araba anapokipanga. Akisahihisha, waone. Mambo ya kubeba vijiti yaishe."

"Palepale anapokipanga," Dufie alirudia taratibu. "Mwite Barimah."

*

Barimah alikuwa na duka la kompyuta mtaa wa Adum, na alikuja na kompyuta yake ya mkononi kwapani na chupa ya sobolo mkononi. Aliketi kabla ya kukaribishwa.

"Madam, kama ni mimi mnanitafuta, semeni mapema nimpigie mama yangu."

"Mama mwache kwanza. Nieleze mtambo wako unavyofanya kazi, kama unamweleza bibi yako."

"Bibi yangu ana akili kuliko mimi, lakini sawa. Ukoo unapewa kiungo chenye neno lao la siri. Kila ukoo na neno lake. Wakibonyeza, seva inaulizwa, nipe faili fulani. Seva inaingia kwenye folda ya Mazishi, inalitoa, inawapa. Wakiwa na sahihisho, wanaliandika hapohapo. Basi."

"Jina la faili linaonekana kwenye kiungo?"

"Linaonekana mwishoni."

"Nikilifuta nikaandika jina jingine?"

Barimah alikunywa sobolo kidogo. "Utapata kijitabu cha jirani. Hilo najua. Lakini nani anaiba kijitabu cha mazishi? Si vitagawiwa bure Jumamosi?"

"Na nikitaka kutoka nje ya folda ya Mazishi?"

"Ah." Aliweka chupa chini. Sasa alionekana mtu anayezungumzia fani yake. "Hapo umeuliza swali la watu wazima. Kwenye kompyuta, nukta mbili na mkwaju, ule mstari ulioinama, ni amri ya kutoka. Maana yake, panda folda moja juu. Ukiandika mara mbili, unapanda mbili. Seva ni kama mtumishi mtiifu kupita kiasi. Umemwambia alete kitu sebuleni. Ukimwambia 'toka sebuleni, toka ukumbini, kisha ingia chumba cha baba,' naye anahesabu hatua zake kutoka sebuleni, anakwenda, anakuletea. Haulizi kwa nini."

"Kwa hiyo mtu angeweza kupanda mpaka kwa Yaa."

"Angeweza, kama ningekuwa mjinga. Mimi nimeziba. Programu yangu ikiona nukta mbili na mkwaju kwenye ombi, inazifuta kabla ombi halijamfikia mtumishi. Jaribu uone."

Dufie alijaribu. Aliandika kama alivyoelekezwa, nukta mbili na mkwaju. Kioo kikamjibu kwamba faili halipo.

"Umeona?" Barimah alisema. Mzee Amoateng, aliyekuwa amesimama mlangoni, alivuta pumzi ndefu.

Dufie aliitazama saa yake. Njia aliyodhani ameiona ilikuwa imezibwa, na saa nane haikuwa mbali.

"Seva yako inaweka kumbukumbu ya kila ombi?"

"Kila ombi, simu iliyolituma, na neno la siri la ukoo ulioomba."

"Fungua za Alhamisi, siku Yaa alipozaliwa."

Mistari ikajaa kioo. Jina la kijitabu, ukurasa, ukurasa, ukoo mwingine, ukurasa. Dufie alisoma akifuata kwa ncha ya kalamu. Alipofika katikati aliisimamisha kalamu.

"Hii ni nini?"

Barimah alichungulia, akacheka. "Huyo? Huyo hajui kuandika. Tazama, kaweka nukta nne na mikwaju miwili. Amri kama hiyo haipo duniani."

"Kaiandika mara ngapi?"

"Mara nyingi tu. Hapa, na hapa, na hapa tena."

"Kwa namna ileile kila mara?"

"Ileile."

"Mjinga hakosei vilevile kila mara, Barimah. Mjinga leo anaweka nukta tatu, kesho tano." Dufie alichukua kipande cha karatasi, akaandika kwa herufi kubwa nukta nne na mikwaju miwili. "Mlinzi wako anafuta nini?"

"Nukta mbili na mkwaju mmoja."

"Azitafute hapa, basi."

Barimah aliitazama karatasi. Aliweka kidole katikati, pale nukta mbili za mwisho zilipokutana na mkwaju wa kwanza, akazifunika.

"Anafuta hizi," alisema.

"Zimebaki zipi?"

Zilibaki nukta mbili za mwanzo na mkwaju wa mwisho. Barimah aliondoa kidole, akakirudisha.

"Na mlinzi wako akishafuta, hugeuka akatazama tena?"

"Hapana," alisema kwa sauti ndogo. "Anatazama mara moja."

"Kwa hiyo mlinzi mwenyewe ndiye aliyemwandikia mwizi ile amri."

"Ewe Mungu wangu. Nilimwajiri mlinzi, kumbe ni karani."

"Andika," Dufie alimwambia. Barimah aliandika nukta nne na mikwaju miwili, mara kadhaa, kisha jina la folda na jina la faili. Alibonyeza. Kwenye kioo cha kompyuta yake ya mkononi, iliyokuwa nje ya chumba chenye kufuli mbili na dirisha lenye nondo, likafunguka sikio, na mishale yake yote.

Mzee Amoateng alikaa sakafuni, palepale mlangoni.

*

Mlango ulijulikana sasa, lakini Araba hakuwa ametoka shakani. Dufie alijua swali ambalo mwendesha mashtaka angeliuliza. Kwani Araba mwenyewe angeshindwa kupitia mlango huo, akiwa kwake, ili asionekane ameshika kitu? Na jina la Yaa, nani mwingine alilijua?

"Nisomee maombi ya huyu mtu, moja baada ya jingine," alisema. "Usiruke."

Barimah alisoma, sauti yake imepoa. Kwanza mtu huyo alifungua kijitabu cha ukoo wake, ukurasa kwa ukurasa, kama watu wote. Halafu alibadilisha jina, akafungua kijitabu cha ukoo mwingine, kisha cha mwingine.

"Anapeleleza," Mzee Amoateng alisema kutoka sakafuni. "Wote wanafanya hivyo. Wanataka kujua jirani kaweka kurasa ngapi za rangi."

Halafu alijaribu nukta mbili na mkwaju, akagonga ukuta. Akajaribu tena kwa namna nyingine, akagonga. Halafu nukta nne na mikwaju miwili, na ukuta ukafunguka. Hapo akaomba folda iitwayo Mitihani. Haipo. Akaomba Chuo. Haipo. Wauguzi. Haipo. Siri. Haipo.

"Anapapasa," Dufie alisema.

"Kama mtu gizani anayetafuta kiberiti. Sasa hapa..." Barimah alisita, kisha akapiga paja. "Huyu ni mtundu! Ameomba faili ambamo programu ya kupangia kurasa huandika kazi zilizofunguliwa karibuni. Kila kompyuta yenye programu hiyo inalo, mahali palepale. Amelipata. Ombi linalofuata amekwenda moja kwa moja kwa Yaa."

Dufie alisimama. Alitembea mpaka kwenye meza ya Araba, akagusa kiti chake, akarudi.

"Barimah, wewe ukiamka kwako usiku kutafuta maji, unapapasa?"

"Sipapasi. Najua mtungi uliko."

"Mwenyeji hapapasi. Mama Araba alimzaa Yaa, akampa jina. Kwa nini aulize Mitihani, aulize Chuo, aulize Wauguzi, halafu aende kusoma orodha ya kazi zake mwenyewe ili ajue mwanawe anaitwa nani? Huyu ni mgeni. Alijua kitu kimoja tu, kwamba mtihani uko ndani ya nyumba hii." Alikaa. "Neno la siri ni la ukoo gani?"

Barimah alitazama, kisha akamgeukia Mzee Amoateng kana kwamba anaomba ruhusa. Mzee alijinyanyua, akavaa miwani, akasoma. Alisoma tena.

"Marehemu Eno Akyaa," alisema. "Alizikwa Jumamosi iliyopita. Ni mama yake Dokta Nsiah-Asare."

Dokta Nsiah-Asare ndiye aliyekuwa msajili wa chuo cha uuguzi.

*

Msajili alikuja mwenyewe alipopigiwa simu, amevaa nguo nyeusi ya msiba na viatu vyeusi, uso wa mtu ambaye hajalala vizuri kwa majuma. Alibaki amesimama.

"Inspekta, nilidhani wakati huu uko mahakamani."

"Nitakwenda. Pole kwa msiba, Dokta."

"Asante. Mama alikuwa mtu wa watu."

"Kijitabu chake nimekiona. Kizuri. Nani katika ukoo alikikagua kabla ya kuchapwa?"

"Hilo linahusiana nini na mwanamke aliyeuza mtihani wangu?"

"Nisaidie tu, Dokta. Nina maswali machache, na majibu yake hayana ubaya."

"Mimi sikuwa na nafasi. Nilikuwa na mtihani mkono mmoja na jeneza mkono mwingine. Alhamisi nilileta vyote viwili hapa kwa safari moja. Kiungo nilimpa Oteng, mpwa wangu. Yeye ndiye anayejua mambo ya simu."

"Mtoto wa dada yako?"

"Mtoto wa dada yangu. Ndiye atakayenirithi kwa mila yetu. Nimpe nani, mgeni?"

"Safari ile ya Alhamisi, nani alikuendesha?"

"Yeye."

"Alijua ulichobeba?"

Msajili aliutazama mlango. "Alibeba mkoba mpaka mlangoni," alisema. "Inspekta, unaelekea wapi?"

"Anafanya kazi gani Oteng?"

"Ana madarasa ya ziada, Ayeduase. Anawaandaa vijana kwa ajili ya..." Dokta Nsiah-Asare alitafuta kiti kwa mkono bila kutazama, akakaa. "Kwa ajili ya mitihani ya kuingia vyuo."

Barimah alijifanya anasafisha kioo.

"Neno la siri linaweza kuibwa," msajili alisema kwa ghafla, sauti ikipanda. "Kiungo kinaweza kutumwa kwa mtu mwingine! Sisi ukoo mkubwa, watu wako Ulaya, wako Marekani. Utamshika mtoto wa watu kwa sababu ya nukta?"

"Umesema kweli, na mimi nilijiuliza hivyohivyo." Dufie aliigeuza kompyuta ili aione. "Haya ni maombi ya simu moja. Hapa imefungua faili la mtihani. Mara tu baada ya hapo, simu hiyohiyo imerudi kwenye kijitabu cha mama yako na kutuma sahihisho. Soma mwenyewe limesema nini."

Msajili alisogea. Aliisoma polepole, midomo ikitembea.

*Mjomba anasema jina la Nana Afrakoma litangulie la Wofa Dwomoh, yeye ni mkubwa.*

"Nani alijua kwamba ulisema hivyo?" Dufie aliuliza.

"Tulikuwa ndani ya gari," alisema Dokta Nsiah-Asare. "Tumeegesha hapo nje, jioni, tukingoja Araba amalize kupanga. Wawili tu. Yeye ameshika simu, na mimi namwambia huyu atangulie, yule afuate. Nilimwona anaandika. Nikasema moyoni, mtoto ana bidii."

Mtu alipita nje akiuza kenkey, akiita wateja. Hakuna aliyemgeukia.

"Ungeniambia uongo ningehangaika," Dufie alisema.

"Nilifikiri kukudanganya." Alijipangusa uso kwa pembe ya nguo ya msiba. "Kwetu mjomba ndiye anayejibu kwa kosa la mpwa. Nitajibu. Niruhusu tu niende naye nyumbani kwa mama yake, nimwambie dada yangu kabla hajaliona gazetini."

"Askari wangu wako njiani kwenda Ayeduase. Utakwenda nao. Lakini kwanza, Dokta, una barua mbili kwa mwendesha mashtaka."

Msajili aliitoa simu yake mfukoni kabla Dufie hajamaliza. Alijitambulisha, akasema anaondoa lalamiko lake dhidi ya Araba Quansah, hana shaka naye tena, na kwamba mwizi ametoka nyumbani kwake. Upande wa pili walimuuliza kitu. "Ndiyo," alijibu, "nimesema nyumbani kwangu. Andika hivyohivyo."

Dufie alimwambia Barimah ang'oe waya wa buluu. Mzee Amoateng aliuliza koo za Jumamosi hii zitaonaje vijitabu vyao. Dufie akamwambia waje wavione Asafo, kwa miguu yao.

*

Araba alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, tayari kupelekwa mahakamani, askari mwanamke pembeni yake. Dufie alisaini karatasi za kumtoa, akamrudishia pochi na miwani.

"Hakuna shitaka," alimwambia. "Mtihani uliibwa kupitia mtambo wa vijitabu. Si wewe. Mwizi tumempata. Unaweza kwenda nyumbani, Mama. Nitakuitia teksi, itasimama nyuma, usisumbuliwe na waandishi."

Araba alivaa miwani yake. Alimtazama Dufie toka kichwani hadi miguuni.

"Nyuma?"

"Ni kwa faida yako."

"Afande, mlinichukua mchana kweupe, Asafo imefurika watu. Wauza kenkey, wauza samaki, watu wa kanisa langu. Mliniweka nyuma ya gari lenu la buluu na mkanishika kichwa nisijigonge, kama mwizi wa kuku. Sasa nimekuwa mtu safi, mnataka kunitoa kwa mlango wa jikoni?"

"Unataka nini, Mama Araba?"

"Nirudisheni kama mlivyonichukua. Gari lilelile."

Askari mwanamke alitazama dari. Dufie alifikiri kidogo, akachukua ufunguo wa gari ukutani.

Waliingia Asafo wakati wa msongamano. Araba alikaa mbele, mgongo wima, kioo cha dirisha ameteremsha. Dufie alisimamisha gari mbele ya Matbaa ya Nyota, chini ya nyuso za marehemu, akashuka, akazunguka, akamfungulia mlango. Vichwa vikageuka. Muuza samaki aliacha kisu hewani. Watu walianza kusogea, wengine wakinong'ona, wengine hawanong'oni.

Dufie alikuwa amehutubia mahakama na majambazi, lakini soko hakuwa amepata kulihutubia. Alikohoa.

"Huyu ni Mama Araba Quansah," alisema. "Polisi walimkamata kwa makosa. Hakuiba mtihani. Hakuiba kitu chochote."

Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya masufuria ya kenkey.

"Afande, sema tena! Huku nyuma hatujasikia!"

Watu waliangua kicheko. Dufie alimtazama Araba, akitumaini msamaha. Araba alikunja mikono yake, akasubiri.

Inspekta alipanda juu ya ngazi ya matbaa, akavuta pumzi, akasema tena, kwa sauti iliyofika mpaka kituo cha mabasi.